Nyota Ilalayo Miaka Themanini

Jioni za mwezi wa sita na wa saba, wakati mbingu ya kiangazi haina mawingu, tazameni upande wa kaskazini. Mtaona nyota saba hivi zimejipanga kama nusu ya duara. Kwa Kilatini zinaitwa Corona Borealis, maana yake Taji la Kaskazini. Kando ya taji hilo iko nyota moja ambayo kwa kawaida jicho tupu haliioni. Wataalamu wanaiita T Coronae Borealis. Muda mrefu imelala. Lakini kila miaka 80 hivi huamka ghafula, ikang'aa sawa na nyota kubwa ya taji lenyewe, na baada ya wiki moja hivi hupotea tena machoni pa watu.

Ni nani waliokesha na kuiona? Mwaka 1217 Burchard, mkubwa wa monasteri ya Ursberg kule Ujerumani, wa shirika la Mtakatifu Norberto, aliandika katika kitabu chake cha habari kwamba nyota hafifu ya taji hilo iling'aa sana siku nyingi, kisha ikarudia unyonge wake. Yeye hakuwa na darubini. Chombo hicho kilipatikana karibu miaka 400 baadaye. Halafu mwaka 1787, Francis Wollaston, mchungaji wa Kianglikana huko Uingereza, alitia katika orodha yake nyota iliyokuwa mahali hapohapo.

Maandishi hayo yalikaa vitabuni bila kuunganishwa. Mwaka 2023 mtaalamu wa Marekani, Bradley Schaefer, aliyatoa mbele ya watu, akaonyesha kwa hoja nzuri kwamba huenda wote wawili waliona nyota ileile. Fanyeni hesabu: toka 1217 hata 1787 ni miaka 570, yaani karibu mara saba miaka 81.

Tarehe 12 Mei 1866, John Birmingham wa Ireland alikuwa akirudi kwake usiku, karibu na mji wa Tuam. Alipoinua macho akaona taji limezidi nyota moja. Akampasha habari William Huggins wa London, ambaye siku nne baadaye aliitazama kwa chombo kinachogawa nuru katika rangi zake. Akakuta mistari ya kung'aa ya haidrojeni. Hivyo alijua kwamba nyota hiyo imefunikwa na hewa yenye moto mkali.

Basi, kwa nini nyota ilipuke mara kwa mara, nayo isiishe? Kwa sababu si moja. Ni nyota mbili zinazoishi pamoja, moja ikilishwa na nyingine. Ya kwanza ni nyekundu, kubwa mno, nayo imezeeka. Ya pili ni nyeupe, ndogo kama dunia yetu, lakini uzito wake wapita ule wa jua. Zinazungukana kwa siku 228 hivi. Ndogo huvuta hewa ya haidrojeni kutoka kwa kubwa, ikajifunika nayo kama majivu yanavyorundikana juu ya jiwe. Miaka mingi ikipita, rundo hilo linagandamizwa na kupata moto, hata likalipuka lote pamoja. Blanketi linarushwa, nyota inabaki, na kazi inaanza upya. Watu wa kale waliita nyota ya namna hii nova, yaani mpya, kumbe ni nzee. Nuru yake husafiri karibu miaka 3,000 kutufikia. Mlipuko aliouona Birmingham ulitokea kabla Daudi hajatawala Israeli.

Sasa sikieni habari ya Leslie Peltier, mkulima wa Delphos, katika jimbo la Ohio, Marekani. Alipokuwa kijana alichuma matunda kwa ujira mdogo, apate kununua darubini yake ya kwanza. Tangu mwaka 1920 aliilinda nyota hii zaidi ya miaka 25, akiandika ukubwa wa nuru yake. Usiku mmoja wa Februari 1946 aliamshwa na saa yake saa nane na nusu. Mbingu ilikuwa safi, lakini alihisi mafua yanamwanza, akarudi kitandani. Usiku uleule nyota ikalipuka, wengine wakaiona! Katika kitabu chake cha mwaka 1965 alikiri kwamba urafiki wake na nyota hiyo ulipoa. Hata hivyo hakuacha kuitazama.

Je, kazi yake ilipotea? Hapana. Daftari zake na za wenzake zilionyesha kwamba nyota ilizidi nuru kidogo miaka kadhaa kabla ya mlipuko wa 1946, kisha ikafifia ulipokaribia. Basi ilipozidi tena mwaka 2015, na kufifia mwaka 2023, wataalamu walizifungua daftari hizo za zamani, wakawaambia watu wa nchi zote wakae macho.

Burchard hakujua nani atasoma mistari yake michache; aliandika tu alichokiona, na miaka 800 baadaye ikawa msaada. Nasi tukiona jambo geni, mbinguni au kijijini, tusitosheke kusimulia jioni motoni. Tuandike, na tarehe yake tuiweke.