Historia ya Kinyundo cha Goti

Miongoni mwa ada za matabibu ambazo mgonjwa huzidhania kuwa ni mzaha, hakuna iliyo mashuhuri kuliko ile ya kumketisha mtu ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, kisha kuugonga kwa kinyundo cha mpira ukano ulio chini ya pia ya goti, hata mguu ukaruka wenyewe pasipo idhini ya mwenyewe. Umri wa ada hii si mkubwa. Kabla ya mwaka 1875 matabibu wa Ulaya walikuwa na vinyundo, walakini vilikuwa vya kugongea vifua ili sauti iwafichulie hali ya mapafu.

Katika mwaka huo Wilhelm Erb, tabibu wa Heidelberg, alipeleka makala yake juu ya mruko huo wa goti kwa jarida lililohaririwa na Carl Westphal wa Berlin. Naye Westphal, aliyekuwa amekwisha kuliona jambo lilo hilo kwa wagonjwa wake, akaichapisha makala ya mwenziwe pamoja na ya kwake katika toleo moja. Sifa waligawana, ila tafsiri hawakuafikiana. Erb alisema kwamba habari ya pigo hupanda hata uti wa mgongo na amri hurudi kutoka huko. Westphal akashikilia kuwa ni msuli wenyewe ulioshtuliwa, kwa hoja kwamba muda baina ya pigo na mruko ni mfupi mno kwa safari ya kwenda na kurudi. Kwa vipimo vya zama zile simlaumu aliyeifuata hoja hiyo. Tena ni Westphal huyo huyo, mwenye tafsiri iliyokosa, aliyewaonyesha wenziwe kuwa goti lisiloruka ni dalili ya mapema ya kaswende iliyofika uti wa mgongo, na kwa dalili hiyo kinyundo kikapata heshima katika kila hospitali.

Aliyelikata shauri ni Mwingereza, Charles Sherrington. Mwaka 1898 alieleza habari za paka waliotenganishwa ubongo na shina lake: miguu yao hunyooka na kukakamaa, hata mnyama akiwekwa wima husimama. Lakini alipozikata neva ziingiazo uti wa mgongo kwa nyuma, ambazo huleta habari tu wala hazina amri juu ya msuli, mguu ulilegea. Ikadhihirika kuwa ukakamavu ule haukutoka katika nyama yenyewe, bali katika mazungumzo yasiyokoma baina ya msuli na uti wa mgongo. Mwaka 1908 Otfrid Foerster wa Breslau akaanza kuwakata wagonjwa wenye miguu iliyokakamaa neva hizo hizo, jambo lililohitaji ujasiri wa mpasuaji, na zaidi wa mpasuliwa.

Mwaka 1924 Sherrington na mwenziwe Liddell, wakiwa Oxford, waliuvuta msuli wa paja la paka kwa milimita chache tu, nao ukajikaza kwa nguvu nyingi na kuendelea hivyo muda wote wa kuvutwa. Neva yake ilipokatwa, haukutoa ila ukinzani hafifu. Kwa mtu mzima wa afya, kazi hiyo ndiyo imsimamishayo: goti likianza kukunjika kwa uzito wa mwili, msuli wa paja huvutika, na hujikaza kabla mwenyewe hajafikiri. Ubongo huutuliza mwitiko huo usipite kiasi. Njia zishukazo kutoka ubongoni zikiharibiwa na kiharusi au jeraha, mwitiko hubaki bila msimamizi. Ukiukunjua polepole mkono wa mgonjwa wa namna hii, hufuata. Ukiukunjua kwa haraka, hukwama ghafla, kisha huachia. Mwaka 1980 tabibu James Lance alipouwekea ukakamavu huu ta'arifu, aliifanya kasi ya kuvutwa kuwa ndiyo nguzo yake. Hata hivyo, si ukakamavu wote utokanao na mwitiko, kwani msuli uliokaa miezi bila kunyoshwa hufupika na kuwa mgumu kwa nafsi yake. Katika hilo Westphal angepata faraja kidogo.

Kwetu Afrika kinyundo hiki kimetumika kuutambua konzo, ugonjwa uliokwisha kuelezwa na tabibu Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo, ambao aghalabu huwapata wanawake na watoto: mtu hukakamaa miguu yote miwili ghafla, baada ya kula kwa wiki kadhaa muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, na chakula chake kikiwa na uhaba wa protini. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wagonjwa 39 walipatikana wilayani Tarime, Tanzania. Shirika la Afya Duniani lilipoweka vigezo vya konzo mwaka 1996, liliandika mwendo wa kukakamaa, kuanza ndani ya muda usiozidi wiki moja bila kuendelea kuzidi, na kuruka kupita kiasi kwa magoti au vifundo vya miguu vyote viwili. Dawa ya kuirudisha miguu hiyo haijapatikana. Kinga ni kuuloweka muhogo siku za kutosha na kuuanika vema kabla ya kuusaga.