Kilwa na Ongezeko la Watu wa Morisi

Kisiwa cha Morisi, ambacho Waholanzi walikihama mwaka 1710 na Wafaransa wakakitwaa miaka mitano baadaye, hakikuwa na wenyeji wa asili, na kwa hiyo kila aliyehesabiwa humo alikuwa ama ameletwa na merikebu ama amezaliwa na walioletwa. Kufikia mwaka 1797 kilikuwa na watu wapatao 59,000, na 49,000 kati yao walikuwa watumwa. Miaka kumi baadaye watumwa walizidi 65,000.

Ongezeko hilo halikutokana na uzazi. Wenye mashamba waliagiza wanaume wengi kuliko wanawake, ndui ya mwaka 1792 iliua watu wengi, na Kanuni Nyeusi ya mwaka 1723, yaani amri za mfalme wa Ufaransa zilizomfanya mtumwa kuwa mali inayohamishika, ilimzuia kufunga ndoa bila idhini ya bwana wake na ikamrithisha mtoto utumwa wa mama. Pengo lililoachwa na vifo lilizibwa kwa kununua watu wengine, hasa kutoka Bukini (Madagaska), Msumbiji na Kilwa. Septemba 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20, sarafu ya fedha ya zama hizo, kwa kila mmoja, mbali na piasta 2 za sultani mwenyewe. Wengi wa waliouzwa Kilwa walitoka bara, kulikotoka misafara ya Wayao iliyoshuka pwani na pembe za ndovu pamoja na mateka. Simulizi za utumwa wa pwani huanzia mara nyingi kwenye karafuu za Unguja, ilhali soko la Wafaransa lilitangulia, na mikarafuu yenyewe ililetwa Unguja kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa.

Waingereza walikiteka kisiwa mwaka 1810, lakini magendo ya watumwa yaliendelea, hata baada ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, kutia saini, mwaka 1822, mkataba uliokataza kuwauzia Wakristo watumwa. Utumwa ulipofutwa mwaka 1835, fidia walilipwa mabwana, na mashamba ya miwa yakageukia vibarua wa mkataba kutoka India, ambao kufikia sensa ya mwaka 1861 walikuwa, pamoja na watoto wao, zaidi ya nusu ya wakazi wote.