Nguzo za Tembe na Jua la Bahi

Misafara iliyokatiza Ugogo, nchi ya Wagogo katika Dodoma ya leo, karne ya 19, ya wapelelezi Burton na Speke mwaka 1857 na ya Stanley mwaka 1871, ilipita katikati ya nyumba za tembe: fupi, za pembe nne, zenye paa bapa la udongo, zikizunguka ua wanamolala ng'ombe. Kwa mbali ni udongo mtupu. Ukiingia ndani unakuta nyumba ya miti iliyovikwa udongo. Nguzo zenye panda zimebeba mihimili, mihimili imebeba mapao, juu yake fito, na juu ya fito udongo uliokandwa. Uzito wote huo unaishia kwenye nguzo.

Nguzo ya mlangoni, inayopigwa na jua la Bahi, wilaya ya mkoa wa Dodoma, hugeuka kijivu baada ya miaka michache, na wengi hudhani imekwisha. Haijaisha. Mionzi ya jua huvunja lignini, gundi inayoshikanisha nyuzi za mti. Mvua huiosha, upepo wa vumbi hukwangua kilicholegea, zikabaki nyuzi kavu za rangi ya majivu. Ni mwendo wa kinyonga. Kwa mbao laini za nchi za baridi, hukadiriwa milimita 6 hivi kwa miaka 100, na mti mgumu hupungua chini ya hapo. Fundi anayepiga msasa ili apake vanishi huondoa asubuhi moja kazi ya jua ya miaka mingi, na alama za tezo la aliyeichonga nguzo zinakwenda na vumbi la msasa.

Hatari yenyewe iko kwenye ncha. Chini, nguzo inapozama ardhini, pana unyevu na mchwa. Juu, paa linapovuja, mti ukishika maji zaidi ya asilimia 20 kuvu huanza. Choma bisibisi usawa wa ardhi: ikigoma, nguzo ni nzima, ikizama, chimba uone. Ili ujue jua linakula mti kiasi gani, piga msumari usioshika kutu usawa wa uso wa mti, kisha kila mwaka pima umejitokeza kiasi gani, na piga picha ukiwa umesimama palepale.

Tembe inayokaliwa hujitunza kwa namna yake. Moshi wa jikoni hukausha mapao na kufukuza wadudu, na kabla ya mvua za Desemba paa huongezwa udongo. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba nyingi zilibaki bila moto na bila wa kuziba paa. Baadaye paa la bati likamalizia zilizobaki.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, pamoja na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Mlango wa nakshi wa Bagamoyo una mtetezi. Tembe ya Kwihara, Tabora, nayo inatunzwa, kwa kuwa Livingstone na Stanley walikaa humo. Nguzo ya Mgogo, isiyo na nakshi wala mgeni maarufu, haina pa kusimama, na kwangu hilo ni dosari ya sheria.

Makumbusho ya Kijiji, Dar es Salaam, yaliyofunguliwa miaka ya 1960, yana nyumba ya Kigogo. Ila Dar hupata mvua ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka, na Dodoma haifiki 600. Mti ule unaoza kwa hali ya hewa ya pwani, hivyo vipimo vyake havitufai huku. Vya Bahi vichukuliwe Bahi, Novemba, kabla paa halijalowa.