Alama tisa zilizopimwa kwa Watswana

Kipimo kinachotumiwa sana duniani kutambua viungo vilivyolegea kupita kiasi kilipata sura yake Afrika, miongoni mwa Watswana wa vijijini nchini Afrika Kusini. Mwaka 1973 Peter Beighton, Louis Solomon na Colin Soskolne walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 1,000 wa jamii hiyo. Kupima umati kama huo kulihitaji njia ya haraka, wakarekebisha ile iliyotolewa Uingereza mwaka 1964 na Carter na Wilkinson, waliokuwa wakichunguza watoto waliozaliwa nyonga zao zimeteguka.

Alama ni tisa. Kidole cha mwisho kikirudishwa nyuma kupita nyuzi 90, mkono huo una alama moja. Dole gumba likiinamishwa hadi kugusa kigasha, nyingine. Kiwiko kikipinda kinyume zaidi ya nyuzi 10, nyingine tena, na goti vivyo hivyo. Kulia na kushoto huhesabiwa mbalimbali. Ya tisa ni ya anayeinama bila kukunja magoti akabandika viganja sakafuni.

Kwa Watswana hao, viungo vya wanawake vilikuwa vyepesi kuliko vya wanaume wa rika lao, na wepesi huo ulipungua kadiri umri ulivyosonga. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017 vya ugonjwa wa Ehlers-Danlos wa aina ya ulegevu wa viungo vinazingatia umri: vinataka angalau alama 6 kwa mtoto asiyebalehe, 5 kwa aliyebalehe hadi miaka 50, na 4 kwa aliyevuka hapo.

Nyuzi 10 ni kidogo mno kukisiwa kwa macho. Ndiyo kazi ya goniometa, kifaa chenye mikono miwili iliyoungana kwenye duara la nyuzi. Kitovu chake huwekwa juu ya kifupa cha upande wa nje wa kiwiko, mkono mmoja ukielekea begani, wa pili kwenye kifundo cha mkono. Kitovu kikihama kidogo tu, mgonjwa anaweza kupewa alama isiyo yake au kunyimwa iliyo yake.

Tena alama hizi tisa hazigusi bega, nyonga wala kifundo cha mguu. Kwa hiyo, waganga wetu, andikeni nyuzi zenyewe kwenye faili, na mwenye bega linaloteguka kila mara msimrudishe nyumbani eti kwa kuwa amepata alama 2.