Mchezo Ulivyoingia Darasani Katavi

Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, walikabidhiwa boma la Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika katika Katavi ya leo, na Wabelgiji waliokuwa wameanzisha kituo hicho mwaka 1879. Humo waliwalea na kuwafundisha watoto waliokombolewa utumwani. Somo kubwa lilikuwa katekisimu: mwalimu anauliza, watoto wanajibu kwa pamoja, neno kwa neno, mpaka liingie kichwani. Mtindo huo wa kukariri uliishi muda mrefu kuliko walioujenga. Miaka mia moja baadaye, mtoto aliyeanza shule Mpanda bado alikuta ubao, chaki na wenzake wakiimba a, e, i, o, u kwa sauti moja.

Nje ya darasa mambo yalikuwa mengine. Watazame watoto wanaocheza mdako. Wamechimba kishimo, wakakijaza vijiwe. Mmoja anarusha kijiwe juu, na kabla hajakidaka anachota vilivyomo shimoni kuvitoa nje. Anarusha tena, anavirudisha vyote, anabakiza kimoja. Akimaliza mojamoja anakwenda mbilimbili, kisha tatutatu. Akikosea idadi, wenzake hawamwachii; zamu imekwisha. Hapo kuna kuhesabu, kutoa, kuoanisha jicho na mkono, na kukubali kushindwa. Kengele ilipolia, vyote hivyo viliachwa uani.

Serikali nayo haikuwa na haraka na wadogo hawa. Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipendekeza umri wa kuanza shule upandishwe, ili mtoto amalize masomo ya msingi akiwa amekomaa kiasi cha kufanya kazi. Kwa nchi maskini ya wakulima hoja hiyo ilikuwa na uzito, na sioni haki kumlaumu. Ila chekechea ziliachiwa zaidi wazazi, vijiji na mashirika ya dini. Sera ya elimu ya mwaka 1995 ndiyo iliyoiweka elimu ya awali katika mfumo rasmi, ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na ada ilipofutwa kuanzia 2016 madarasa yakafurika nchi nzima.

Katavi ilikuwa na mzigo wake wa ziada. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Rukwa. Reli ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Makazi ya Katumba na Mishamo yalianzishwa miaka ya 1970 kuwapokea wakimbizi wa Burundi. Watu walikwenda penye kazi na ardhi, shule zikawafuata polepole. Kilomita ambazo kijana wa darasa la sita anazimudu, mtoto wa miaka mitano hawezi, hasa masika. Ndiyo maana ya shule shikizi, madarasa machache karibu na makazi. Sehemu ya fedha za mwaka 2021 za kukabiliana na UVIKO-19 ilitengwa kwa ujenzi wa madarasa 3,000 ya aina hiyo nchini.

Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 ndio uliofungulia mchezo mlango rasmi. Ulitaka darasa liwe na kona za kujifunzia: ya nyumbani, ya hisabati, ya duka. Katika kona ya duka makopo matupu ndiyo bidhaa, vizibo vya soda ndizo fedha, na muuzaji asiyejua kurudisha chenji anasahihishwa na mteja wa umri wake. Tangu 2022 Katavi imo katika mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora, unaosaidia kuinua ufundishaji.

Lakini mwalimu aliye peke yake mbele ya umati wa watoto hurudi kwenye kukariri, kwa kuwa ndiyo njia pekee inayowatuliza wote kwa pamoja. Halmashauri zimpatie msaidizi kabla ya kumdai kona nzuri. Nawe mzazi, mtoto akirudi na daftari tupu na magoti yenye vumbi, muulize leo wamecheza nini, na kesho mfungie vizibo na makopo apeleke shuleni.