Mtoto anapozaliwa kibofu cha mkojo kikiwa nje ya tumbo: Mambo ya kufahamu

Mtoto amezaliwa, analia vizuri, ana uzito wa kutosha na ananyonya. Lakini chini ya kitovu kuna nyama nyekundu, laini, inayong'aa, na mkojo unachuruzika juu yake tone kwa tone bila kukoma. Mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi hadi akastaafu bila kukutana na hali hiyo hata mara moja. Siku akikutana nayo, ni rahisi kudhani ni jeraha, uvimbe au utumbo uliotoka nje.

Hicho ni kibofu cha mkojo. Kitaalamu hali hii inaitwa eksitrofi ya kibofu, jina lenye asili ya Kigiriki na maana ya kugeuzwa nje, kama mfuko wa suruali unapovutwa ukabaki nje.

Katika wiki za mwanzo za ujauzito, ukuta wa chini wa tumbo la mtoto hujengeka na kufunga katikati. Kwa mtoto huyu haukufunga. Kibofu, ambacho kilitakiwa kuwa mfuko, kimebaki wazi, na kinachoonekana ni ukuta wake wa ndani. Mifupa ya kinena nayo imeachana. Mvulana huwa na uume mfupi uliopinda kuelekea juu, na njia yake ya mkojo iko wazi upande wa juu. Kwa msichana, kisimi huwa kimegawanyika. Kitovu hukaa chini kuliko kawaida, na watoto wengi huwa na ngiri pia.

Kwa kuwa maumbile ya nje yanachanganya, kuna wahudumu wanaosita kusema mtoto ni wa kike au wa kiume, na familia inabaki na maswali mazito. Kwa kawaida viungo vya ndani vya uzazi vipo. Daktari atathibitisha, na hakuna haja ya kukimbilia kutangaza kabla yake.

Figo za watoto hawa mara nyingi huwa nzima siku wanapozaliwa. Tunaomba jambo hili likumbukwe, kwa sababu matibabu yote yanayofuata yana kazi mbili kubwa: kumwezesha mtoto kukaa mkavu, na kulinda figo hizo zisiharibike.

Ni hali adimu. Makadirio ya kitabibu ni mtoto 1 kati ya 30,000 hadi 50,000 wanaozaliwa, na wavulana ni wengi zaidi. Lakini adimu maana yake si kwamba hawapo. Tanzania ina vizazi zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, na kwa hesabu hiyo tunaweza kuzungumzia watoto 40 hadi 60 au zaidi kila mwaka. Hayo ni makadirio yetu kutokana na uwiano huo, si takwimu za wizara. Swali ni wangapi kati yao wanaofika hospitali, na wangapi wanabaki ndani, wamefungwa vitambaa.

Chanzo hasa hakijulikani. Wataalamu wanaona vinasaba vina mchango, lakini hakuna kosa la mama linaloweza kuonyeshwa kuwa ndilo lililosababisha. Si chakula alichokula, si ndoo alizobeba, si ugomvi wa ndoa wala jicho la jirani. Tunalisema wazi kwa sababu lawama hizi huvunja nyumba, na nyumba ikivunjika mtoto hukosa mtu wa kumpeleka kwenye matibabu ya miaka mingi. Kipimo cha ultrasaundi wakati wa ujauzito kinaweza kuonyesha dalili, hasa kibofu kisipoonekana kikijaa kila mama anapopimwa, ila mara nyingi hali hii hugunduliwa siku ya kujifungua.

Saa za kwanza

Kinachohitajika mwanzoni hakina gharama kubwa. Kitovu kifungwe kwa uzi safi badala ya kibanio cha plastiki, kwa kuwa kibanio hukaa karibu mno na kibofu na kukikwaruza. Kibofu kisafishwe taratibu kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha kifunikwe kwa plastiki nyembamba, safi na laini, ya aina ile inayofunikia chakula. Hurudiwa hivyo kila nepi inapobadilishwa.

Kisichotakiwa ni shashi kavu, pamba au kitambaa juu ya kibofu. Vitu hivyo huganda, na vikibanduliwa vinaondoka na ngozi laini ya juu. Dawa za kienyeji, majivu na unga wa vidonge visiguse kabisa. Mama aendelee kunyonyesha, na chanjo zitolewe kama kwa mtoto mwingine yeyote.

Kisha rufaa, bila kusubiri mtoto "akomae". Katika siku tatu za kwanza mifupa ya nyonga bado ni laini, na mara nyingine daktari anaweza kuisogeza ikakutana bila kuikata. Baada ya hapo kwa kawaida mifupa hukatwa ili isogezwe, na mtoto hukaa wiki kadhaa amefungwa miguu au kuwekewa plasta ngumu. Kwa Tanzania, rufaa ya namna hii huelekea kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza.

Tunajua pia kwamba kutoka kijijini hadi huko ndani ya siku tatu ni jambo gumu kwa wengi. Mtoto aliyechelewa bado anatibika, hata akiwa ameanza shule. Upasuaji unakuwa mgumu zaidi, lakini mlango haujafungwa. Kinachotisha ni kuacha moja kwa moja: kibofu kilichobaki wazi hukakamaa, hushambuliwa na maambukizi, na miaka mingi baadaye kinaweza kupata saratani.

Safari ndefu

Mara nyingi matibabu huwa ya hatua. Kwanza kibofu hufungwa na kurudishwa ndani. Baadaye njia ya mkojo hutengenezwa, na mtoto akifika kama miaka minne au mitano hutengenezwa shingo ya kibofu ili aweze kuzuia mkojo. Vituo vingine huunganisha hatua hizo. Si kila upasuaji hufanikiwa mara ya kwanza.

Kibofu kikiwa kidogo mno, daktari anaweza kukipanua kwa kipande cha utumbo. Mtoto hufundishwa kutoa mkojo kwa mpira mwembamba, yaani katheta, mara kadhaa kwa siku. Njia nyingine ni kuelekeza mkojo kwenye utumbo mpana ili utoke pamoja na haja kubwa. Humwezesha mtoto kukaa mkavu bila mipira, na hilo si dogo mahali ambapo katheta hazipatikani. Lakini inadai uchunguzi wa maisha yote, kwa kuwa huongeza asidi kwenye damu, maambukizi ya figo na hatari ya saratani ya utumbo. Mzazi aulize hayo kabla ya kusaini fomu.

Gharama nazo zina sura yake. Watoto chini ya miaka mitano wamo katika kundi la msamaha kwenye vituo vya umma, ila nauli, malazi ya mama na siku za kazi zilizopotea havimo. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali aonwe mapema, kabla fedha hazijaisha.

Akili ya mtoto huyu haina kasoro. Shuleni anachohitaji ni mwalimu anayejua, ruhusa ya kwenda chooni bila kunyoosha mkono mbele ya darasa zima, maji safi na nguo ya akiba. Wasichana wengi huweza kupata mimba wakikua, na kwa kawaida hushauriwa kujifungua kwa upasuaji. Wanaume wengi huweza kuoa, ingawa baadhi huhitaji msaada wa daktari ili wapate mtoto.

Na kwa wazazi wanaoogopa kuzaa tena: uwezekano wa mdogo wake kuzaliwa hivyo ni takriban 1 kati ya 100. Mama mjamzito aeleze historia hiyo tangu hudhurio la kwanza kliniki, ili mpimaji aangalie kibofu cha mtoto kwa makini.