Kilabu cha Bibi, pale juu ya Kitonga

Bibi mzaa mama alikuwa muuza pombe. Naanza hivyo makusudi. Mama alipokuwa anajaza fomu za shule, kwenye nafasi ya kazi ya mzazi aliandika "mkulima", na ada iliyolipwa ilikuwa ya ulanzi mtupu. Sasa Bibi hayupo, na nimechoka na huo ukulima wa kwenye makaratasi.

Kama umewahi kupanda basi la Mbeya unapajua. Ukishamaliza kona za Kitonga, roho ikarudi mahali pake, unaingia Ilula kwenye nyanya na vitunguu. Kilabu chake kilikuwa mkono wa kushoto. Nyumba ya matofali ya udongo, mabenchi manne, na pipa.

Alifika hapo 1966, mjane mwenye watoto wawili, na hakuchagua mwaka kwa akili. Novemba 1965 Ian Smith alikuwa ametangaza uhuru wake wa kibaguzi kule Rhodesia, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta kupitia huko, ikabanwa. Mafuta yakaanza kupita kwetu. Malori yalibeba madramu kutoka Dar es Salaam hadi Zambia kwenye barabara ya vumbi, na masika ikija, matope. Madereva wa Kizungu waliipachika jina la njia ya jehanamu. Magari yalianguka, watu walikufa. Aliyefanikiwa kupanda Kitonga alisimama juu injini ipoe, na mtu aliyetoka kuponea chupuchupu ana kiu. Bibi alianza na uji na chai. Ulanzi ulikuja wiki ya pili, wateja walipouulizia.

Kwa mliozaliwa mjini: ulanzi ni utomvu wa mianzi michanga. Unakata ncha wakati wa mvua, unatega mbeta, asubuhi unakinga. Wa leo ni mtamu, unaitwa mtogwa, hata sisi watoto tulipewa. Ukilala siku kadhaa unakuwa mkangafu, na huo usiuzoee ukiwa na safari. Kiangazi mianzi ikikauka, Bibi alipika komoni ya mahindi.

Hakujua kusoma. Madeni aliyaandika ukutani kwa mkaa, kila mteja na alama yake: samaki, kofia, gurudumu, mtu mwenye sikio moja. Kila fimbo pembeni ni shilingi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mapambo.

Bomba la TAZAMA lilifika Ndola 1968 na yale madramu yakapungua, lakini lami ikaja, na malori mengine na lami. Halafu ikaja 1974 na Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa kutoka kwenye mashamba yao, wengine kwa nguvu, wakapangwa kando ya barabara. Niliwahi kumuuliza kuhusu mwaka huo nikitegemea simulizi ya machungu. Akaniambia, "Mume wangu, mwaka ule nilinunua bati." Nilicheka, kisha nikaona aibu. Wale waliompa hela ya bati walikuwa wanakunywa kwa sababu wameacha makaburi ya wazee wao kule juu. Yeye alilijua hilo. Alisema wapo aliowanywesha bure, na wapo ambao hakuwanywesha bure.

1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, alifukia miche ya sabuni chini ya pipa. Dereva mmoja alimletea kutoka Zambia. Mgambo walikaa juu yake, wakanywa, wakaondoka. Hadithi hii aliipenda kuliko zote na kila mwaka miche iliongezeka.

Miaka ilipita, bia za chupa zikajaa kila kona, wateja wakabaki wazee. Mwaka 2011 wakaja watu na futi kamba na rangi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilitanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Aliyejenga ndani ya zile za zamani anachorwa X nyekundu na hana chake. Aliyefuatwa na sheria anachorwa ya kijani, alipwe. Nyumba ya Bibi ilikuwa mita 26. Wakamchora nyekundu.

Nilikwenda mwenyewe, kijana wa magazeti, nimejaa Kiswahili cha sheria. Hakikusaidia. Kilichosaidia ni kopo la maziwa alilolitoa uvunguni, lenye stakabadhi za leseni ya pombe za miaka na miaka, hajui zimeandikwa nini, hakutupa hata moja. Mwanamke asiyesoma alikuwa na kumbukumbu zilizopangwa kuliko ofisi iliyokuja kumvunjia. Ilichukua miezi minane X ikawa ya kijani.

Walilipia nyumba. Biashara hawakuilipia.

Siku moja kabla ya kubomoa, aliagiza chokaa akapaka ukuta wote kwa ndani. Nilimsihi niupige picha kwanza, akakataa, madeni ya watu hayaanikwi barabarani. Aliacha alama moja tu, gurudumu na fimbo mbili. Ni dereva wa madramu wa 1967, aliteremka kwenda Dar kupakia akasema atalipa akipandisha. Kwa miaka yote hiyo, kila alipopaka chokaa aliizunguka.

Asubuhi tingatinga lilipofika alimwomba dereva wake aanzie ukuta wa upande wa pili.